Nilimwambia Pasipoti Aiache Nyumbani

Nilimshauri, au nilimtega? Swali hilo lilininyima usingizi. Nikilala upande huu najiambia nilimshauri tu, kila mtu hapa mpakani Busia huvuka hivyo. Nikigeuka upande wa pili, moyo unajibu: ulimtega, na unajua! Basi leo nakuambia wewe, maana nimechoka kubishana na mto. Nilikosa.

Mimi ni mwalimu mwenye digrii, lakini serikali haijaniajiri. Kamati ya shule hunilipa ikipata. Mwaka jana akaja Ilse kutoka Uholanzi, mwalimu wa kujitolea, akapanga chumba kwenye ploti yetu, mlango kwa mlango na mimi.

Wiki ya kwanza tu, mzazi akamletea kuku. Kuku mzima! Mimi nilikuwa na mwaka wa pili pale, hata yai sijapewa.

Kisha akaanzisha kilabu cha wasichana cha kushona sodo za kitambaa. Waliokuwa wakikosa shule kila mwezi wakaacha kukosa. Ningefurahi, sivyo? Lakini ni wasichana wa darasa langu walioniomba, "Madam, tuachilie mapema kidogo twende kwa Ilse!" Kwangu hakuna aliyewahi kukimbilia.

Ijumaa moja akanikuta nikifua. "Madam, kesho nataka kununua vitambaa Uganda, huko ni bei rahisi. Mpakani nafanya nini?"

"Panda boda, upitie njia ya nyuma. Sisi sote huvuka hivyo."

"Na pasipoti?"

Hapo ndipo nilipokosea! Nilijua. Sisi tunapita kwa sababu ni wa hapa. Yeye angeonekana akiwa bado mbali. Nikakamua nguo, nikasema, "Ya nini? Utaibiwa sokoni. Iache."

Nilitaka aaibike kidogo tu. Arudi akiwa mdogo kama mimi.

Jumamosi mchana, mtu wa boda akaingia ploti mbio. "Madam, mzungu wenu ameshikwa na maafisa wa mpakani, pamoja na mzigo wake! Nimewaambia ni wa hapa, wakanicheka, 'Wa hapa na hiyo pua?'"

Mwalimu mkuu alienda kumwombea, nami nikamfuata. Walimwachilia jioni, lakini arudi Jumatatu waamue kama atafukuzwa nchini. Pale nje mwalimu mkuu akamuuliza, "Ni nani alikuambia upite huko?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Hakuna mtu," Ilse akasema. "Ni makosa yangu."

Ee Mungu wangu! Jumapili yote nikawaza. Labda amesahau. Labda ananiwekea kinyongo. Au labda ana roho nzuri kiasi hicho, na hilo likaniuma kuliko yote, kwamba hata kwa roho amenishinda! Ndiyo, hata hapo bado nilimwonea wivu. Na vitambaa vilikuwa vimezuiliwa, na Jumatatu wasichana wangefika kilabuni wakute mlango umefungwa. Mimi hata kifungo sijui kushona.

Jumatatu asubuhi nikawatangulia yeye na mwalimu mkuu kwenye ofisi ya uhamiaji.

"Wewe ni nani yake?" afisa akauliza.

"Jirani. Mimi ndiye nilimwambia apite kule na aache pasipoti."

Mwalimu mkuu alikuwa ameingia nyuma yangu. "Madam, labda hukujua?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nikauona kabisa.

"Nilijua," nikasema.

Ilse alipewa onyo, akaruhusiwa kukaa. Vitambaa vilirudishwa. Mimi kamati iliniambia nisirudi muhula uliofuata, na sikuwalaumu.

Siku niliyokuwa nikihama ploti, Ilse aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini?"

"Kuku," nikamjibu.

Hakuelewa. Nikaweka chini godoro langu, nikamweleza yote, kuanzia yule kuku.

Wewe unayesoma na kuna mtu anakukosesha raha kwa kupendwa tu, nakusihi, mwambie mapema, hata kama utaonekana mjinga. Mwambie kabla hajakuuliza njia.