Rais wa Kisiwa na Mizigo ya Mama

Baba alinunua redio Mbarara baada ya kuuza maharage, na kwa redio hiyo akampata rais wake. Si wa Uganda, wala wa Kongo tulikotoka. Alikuwa rais wa kisiwa kimoja huko Pasifiki, kidogo mno hata, kwa maelezo ya Baba, mtu wa baiskeli angekizunguka na kukuta maharage jikoni bado hayajaiva. Wabunge walimchagua, wakamwondoa, wakamrudisha, wakamwondoa tena. Habari zake zikianza, Baba alitupigia kelele tunyamaze, kisha akatusimulia kana kwamba ni shemeji yake.

Mimi sikuona uhondo wowote. Rais gani huyo asiyekaa? Baba alicheka mpaka machozi.

"Banamutosha pa kiti, banamuondoa, anarudi kwake, anakula samaki! Hakuna mutu anakimbia!"

Wakati huo Baba mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Siku ya uchaguzi watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, mchana kweupe, kila mtu akiona nani kasimama wapi. Mstari wa Baba ulikuwa mfupi hadi nikaona aibu. Aliyeshinda ni mpinzani wake, muuza mkaa wa mtaa wa Base Camp. Nilitimua mbio kumwambia Mama.

Mama hakuuliza swali. Alizima moto, akaanza kufunga mizigo: sufuria, blanketi, nguo za kanisani. Kwetu Kivu ya Kusini, utawala ulipobadilika alifanya hivyo hivyo, na ndivyo tulivyopona. Nilimsaidia kukaza kamba. Niliogopa kweli.

Baba akaingia, na nyuma yake mwenyekiti mpya, kaja kusalimia. Baba akaitazama mizigo.

"Mama watoto, tunaenda wapi?"

"Utawala umebadilika," Mama akajibu. "Weye ndiye utatuambia fasi ya kwenda."

"Hakuna fasi. Fungula sufuria, mugeni ana njaa."

Mwenyekiti mpya akapiga magoti kutusaidia kufungua mafundo. Tulikuwa tumeyakaza vibaya, akatumia hata meno, nasi tukaangua kicheko.

Tulipokuwa tunakula, Mama akauliza, "Na ule rais yako ya samaki, bibi yake anafungaka mizigo?"

"Hata siku moja," Baba akasema. "Anapika tu."

Mama akainuka na kulirudisha blanketi kitandani. Tangu hapo, habari za kisiwa zikianza, yeye ndiye aliyetupigia kelele tunyamaze.