Mstari wa Kirumi Kiwanjani Yiti

Mpaka leo nikipita Yiti najifanya nina shughuli na simu, kwa haya tu, na najua mkishasikia mtanicheka, lakini hebu nisikilizeni kwanza. Mimi nafundisha historia katika shule moja ya Al Khoudh, na ugonjwa wangu ni udadisi: nilisoma kwamba wapimaji wa Kirumi walipofika majimboni walisimamisha mti wenye vijiti viwili vilivyopishana juu, kila ncha inaning'inia kamba yenye kizito, wakachungulia kamba kwa kamba na kuikata ardhi miraba mitupu. Nikajiuliza, hivi kweli inawezekana?

Basi huko Yiti, kijiji cha pwani, kuna kiwanja Mama alichotupa mimi na dada yangu Zuwena, nusu kwa nusu, na nusu yangu nilishaiona kichwani: nyumba yenye baraza refu linalotazama bahari. Mpimaji rasmi alikuwa hajaja. Ijumaa baada ya sala nikasimika mpini wa fagio, nikaning'iniza vizito (mawe ndani ya soksi, msiniulize), nikaanza kuvuta kamba na kumwaga chokaa, upepo ukizichezesha soksi nangoja, zikitulia nachungulia, na watu waliotoka msikitini wamesimama kunitazama, nami nimenogewa nawasomesha Warumi huku kanzu imegeuka kama ya fundi wa kupaka chokaa. Na mstari ulinyooka, wallahi.

Mara akaja ami Hilal, jirani yetu, aliyekulia Pemba kama Mama kabla ya kuhamia huku. Mama alikuwa ametandika mkeka pembeni, akammiminia kahawa. Ami akakiweka kikombe chini, hakukigusa. Sasa kwetu kila mtu anajua: mgeni akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka mwenyeji amkubalie. Nami nilijua. Ila kwa kiburi cha siku ile (watu wote wale wananitazama) nikadhani anataka nikampimie na kiwanja chake.

"Kunywa, ami," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Haja yako nshakupa."

Akanywa taratibu, akafuta mdomo. "Ahsante, mwanangu. Njia yetu ya kwendea pwani inapita hapo ulipozuia kwa kamba. Nlikuwa nataka utuwachie."

Nikageuka kuangalia. Njia ilikuwepo, imekanyagwa hadi imeng'aa, inapita katikati ya baraza langu, na mimi nilikuwa nimeimwagia chokaa bila kuiona. Roho iliniuma, siwafichi.

"Ami, mimi nilidhani..."

"Keshakunywa," Mama akasema. "Ahadi nshaisikia, na kila mtu kaisikia. Kang'oe hizo kamba."

Nikazing'oa mbele ya kadamnasi, Zuwena amejifunika mtandio anacheka mpaka machozi, maana njia haikugusa nusu yake hata kidogo.

Siku hizi mgeni akiweka kikombe chini naziba mdomo, namuuliza kwanza anataka nini. Na vitabu vyangu nikivisoma nakwama palepale kwenye ile miraba, kwa sababu lazima watu wa majimboni nao walikuwa na njia zao, na sijaona popote palipoandikwa kwamba waliulizwa.