Kanuni Niliyoizima

Sipendi kukosolewa, hata na mashine. Nasema mapema ili mjue mwenye kosa ni nani.

Miaka ile ya vita niliandika programu za JavaScript pale Masisi, na mwenzangu Walikale. Mtandao ulikuja na kupotea, kwa hiyo alinitumia kanuni zake za ukaguzi kwenye flashi, mkononi mwa dereva wa lori. Zilisoma kila mstari niliouandika na kutia wekundu penye kosa. Loo, kazi yangu ilikuwa nyekundu kote! Nikakasirika, nikazima zote zilizonikera, katika nakala yangu tu.

Kazi yenyewe ilikuwa orodha ya familia za kambi ya Kashuga, za kupewa mbegu za maharage. Wajane wangetangulia, maana mbegu hazikutosha na mvua ilishaanza. Programu ilipaswa kuuliza kama mtu ni mjane. Mimi nikaweka alama moja ya usawa, inayoamuru, badala ya tatu zinazouliza. Badala ya kuuliza, ikawafanya wote wajane.

Siku ya kugawa, papa mmoja, mzee mwenye masharubu, akaishika karatasi ya orodha.

"Mimi mujane? Bibi yangu njo huyu!"

Mke wake akajitazama miguu. "Kumbe nilishakufa? Na bugali ya jana ilipikwa na nani?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka.

Kisha mama mmoja akatoka mwisho kabisa wa foleni. Yeye hakucheka.

"Mutoto wangu," akaniambia, "bwana yangu alikufa kweli."

Orodha ilikuwa imemweka nyuma ya wanaume wenye wake zao. Niliona haya hadi masikioni. Nikaomba wasubiri, nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikamtumia mwenzangu faili. Kwake mstari ule uliwaka mwekundu papo hapo.

"Hii kanuni nilikutumia," akaniandikia. "Iko wapi?"

"Nilizima."

"Ah, kaka!"

Nilirekebisha, nikashuka mbio, na yule mama akawa wa kwanza kuchukua mbegu zake.

Tangu hapo kanuni zetu zinakaa mahali pamoja, na kila mradi unazichukua hapo. Hakuna mwenye nakala yake. Nikitaka kuzima hata moja, lazima nimwombe mwenzangu, naye huuliza kwanza:

"Leo unataka kuua bibi ya nani?"

Ninacheka, halafu namkumbuka yule mama, na kanuni inabaki.