Pete ya gia mkononi mwa mama mkwe

Leo nimeaibika nyumbani kwangu mwenyewe.

Fundi kafungua giaboksi ya pikapu yangu ya enzi za ruksa. Pete moja ya shaba haipo.

"Bila hiyo, gia zinakutana kwa kasi tofauti, zinang'atana. Pete inazituliza kwanza," akaeleza.

Tukapekua nyasi zote za uani. Nikamfokea mke wangu, ambaye hatusemeshani naye tangu Jumapili.

Ndipo nikaiona. Mama yake, aliyekuja kutoka Mwandoya kutusuluhisha, kaivaa kama bangili.

Mkwe wangu ningemwambiaje avue? Niambieni nyie.

Fundi ndiye aliyethubutu: "Mayu, mama yangu, hiyo ni ya gari, ya kutuliza gia zisigombane."

Akaivua taratibu, akatutazama mimi na binti yake.

"Fundi, kama unayo nyingine, wafungie na hawa."