Mtani Juu ya Jukwaa

Mwaka niliomaliza chuo nilipata kazi ya kusimamia ujenzi wa ghala la pamba la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, kule Kharumwa. Fundi mkuu alikuwa Msukuma wa umri wa baba yangu. Mimi ni Mzaramo, mtu wa pwani, na makabila yetu hutaniana, kwa hiyo tulikuwa watani tangu siku ya kwanza, na kila nilichosema alikichukulia kuwa utani. Nikimwambia mchanga umezidi, ananijibu kwamba Mzaramo anaujua mchanga wa kulalia tu.

Jukwaa la kujengea lilikuwa la miti iliyofungwa kwa kamba za katani. Siku moja mvua ilinyesha, kesho yake jua likawaka. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Nililiwaza hilo tangu nilipoamka. Nilipofika nikashika fundo la nguzo ya kona, likazunguka mkononi. Juu yake fundi alikuwa anapanga tofali, karai limejaa udongo wa kujengea pembeni yake.

"Mtani, shuka. Kamba zimelegea."

"Zimelegea kama suruali yako."

Vibarua wakacheka.

"Utaanguka."

"Si utanizika wewe? Ndiyo kazi ya mtani. Ila mchinje ng'ombe, msije mkawalisha watu pweza kwenye msiba wangu."

Nilifikiria kupiga kelele, nikaona kelele nazo zingechekwa. Nilifikiria kumfuata juu, nikaogopa kuongeza uzito. Tajiri mwenye ghala alikuwa Shinyanga mjini. Fundi akainama kuchukua tofali, mti ukalia.

Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba."

Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi ile, kwa kutukanana kama kawaida yetu. Alinyooka.

"Marahaba."

"Nakuomba ushuke, baba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Aliweka mwiko ndani ya karai, akashuka polepole kwa ngazi iliyokuwa mbali na ile kona. Alipofika chini alilizungusha fundo kwa vidole viwili, akawaamuru vibarua wafungue kamba zote na kuzifunga upya.

Ghala liliezekwa bila mtu kuumia. Fundi aliendelea kuniitikia "marahaba" kila asubuhi, kwa heshima, kisha anaenda zake kazini. Wakati wa kula niliwasikia yeye na vibarua wakitaniana nyuma ya ukuta. Nikitokea na sahani yangu, walisogea kunipisha kwenye benchi na kuniuliza kama ugali unanitosha.