Siku Niliyokataa Kumtoa Chatu

Bustani ile ya nyoka na ndege ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, kando ya barabara ya kwenda Mumias. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na aliniajiri niwalishe ndege tu: kasuku, hondohondo na korongo wawili wenye taji. Kisha mwanamume aliyewatunza nyoka akaacha kazi akaenda kukata miwa. Miaka ile miwa ilikuwa inalipa, kila mtu alikuwa anaikimbilia. Nikamwambia Mwalimu, "Hao nyoka nipe mimi." Akacheka. Alitafuta mwanamume kwa wiki tatu asipate, ndipo akanikabidhi funguo.

Kanisani kwetu Shianda waliniondoa kwenye kwaya. Kiongozi alisema mikono inayoshika nyoka haiwezi kuinuliwa mbele ya madhabahu. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele, nikaimba sauti ya pili kutoka hapo, wimbo baada ya wimbo, mpaka akawa anakwepa kunitazama.

Waliokuja kwetu wengi walifuata chatu. Alikuwa jike, mnene kama paja langu, mpole. Wageni walipenda avishwe shingoni mwao wapigwe picha. Wiki ambazo malipo ya miwa yalitoka, foleni ilifika getini. Mimi mwenyewe niliwavisha watu wengi, sikuona ubaya wowote.

Halafu akataga. Nilimkuta asubuhi amejiviringisha juu ya mayai, kichwa kipo juu, na kuku niliyempa akamkataa. Mwalimu alifungua vitabu vyake akanieleza kwamba ndivyo anavyoyatia joto, na akiondolewa yanaweza kuharibika. Tukakubaliana asiguswe.

Jumamosi moja akaja mkulima mkubwa kutoka Kabras, mtu wa matrekta, pamoja na wageni wake wenye suti. Huyo ndiye aliyemsaidia Mwalimu kujenga vizimba.

"Mtoe chatu," akaniambia.

"Leo hatoki, mzee. Amelalia mayai."

"Siku zote anatokanga."

"Siku hizo hakuwa na mayai."

Akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akaangalia viatu vyake, kisha akasema polepole, "Mama, mtoe dakika mbili tu. Picha moja."

Yeye ndiye aliyenisomea vile vitabu! Nikazitoa funguo kwenye kamba kiunoni nikazitumbukiza ndani ya blauzi yangu, nikaegemea mlango wa kizimba.

"Anayezitaka aje azichukue," nikasema.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kumtazama wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele. Mkulima yule akaniuliza kama najua ninaongea na nani.

"Najua," nikamjibu. "Na huyu aliye nyuma yangu hajui, wala hajali."

Waliondoka bila picha. Jioni Mwalimu aliniambia nisirudi kazini. Sikumlilia. Niliziweka funguo juu ya meza yake, nikatembea hadi stendi, na nyumbani nikasonga ugali nikala na watoto wangu kama siku nyingine yoyote. Mama yangu aliponishauri nirudi nikaombe msamaha, nilimuuliza, "Msamaha wa nini?"

Siku ya nne Mwalimu alifika kwetu kwa baiskeli, shati limelowa jasho. Kenge tuliowafuga pamoja na nyoka walikuwa hawajalishwa, na hakuna mtu aliyekubali kufungua mlango wa kifutu, nyoka yule mwenye sumu kali, kumwekea maji. Mama alimkaribisha chai. Nilimwacha anywe mpaka kikombe kikaisha.

"Rudi," akasema.

"Nitarudi. Lakini chatu havishwi shingoni mwa mtu tena. Awe na mayai au asiwe nayo."

"Watu wataacha kuja."

"Basi waache."

Akazungusha kikombe kitupu mkononi. Mwishowe akazitoa funguo mfukoni akanipa.

Yale mayai, karibu nusu yaliharibika. Huenda ni zile siku nne, watu walipokuwa wakigonga wavu bila mtu wa kuwakemea, sijui. Lakini yaliyobaki yalipasuka wiki ya mvua kubwa, na vitoto vikachomoza vichwa kimoja kimoja, vidogo kama kidole gumba, vikimpulizia kwa hasira kila aliyesogea. Nilivipenda hapo hapo.