Hudihudi wa Vichwa Viwili

Saa moja asubuhi, mtaa wa mafundi mahema wa Kairo bado haujachangamka. Fundi Hilmi Abdelnaim ameketi chini dukani kwake, daftari gotini, chai inapoa. Anachora ndege, anamfuta, anaanza mwingine.

"Leo nini tena, kuku au kiatu?" Atiya, jirani wa duka la mkabala, anamuuliza huku akifungua mlango wake.

"Hudihudi, kipofu we!"

"Haya. Mvue basi hicho kilemba, kimemzidi kichwa."

Hilmi anacheka, ila hafuti. Ndivyo anavyofanya kila siku kabla ya kushika sindano: ukurasa mmoja, uwe mzuri, uwe mbaya. Ana miaka sitini na moja, na tabia hii ameianza uzeeni. Aliyeianza kabla yake ni bintiye, Sawsan. Hapo ndipo penye donda.

Katika kazi hii ya kushona maua ya vitambaa kwenye mahema na mapazia, washonaji ni wengi, mchoraji ni mmoja. Karatasi hukunjwa mara mbili, fundi akachora robo tu, kisha sindano ikatoboa mikunjo yote kwa pamoja. Ikikunjuliwa juu ya kitambaa na kupakwa unga wa mkaa, ua linatokea zima, pande zote sawasawa. Hilmi alirithi karatasi za baba yake, akazitumia miaka nenda miaka rudi bila kuongeza hata jani.

"Wateja walitaka ua lile lile, nami nikawapa lile lile. Uvivu tu, nisikudanganye," anamwambia mwandishi aliyekuja kumtembelea.

Sawsan hakuwa hivyo. Akitoka shule alikaa mlangoni na daftari lake, akachora alichokiona siku hiyo: paka, muuza maharage, mguu wa meza. Akiwa na miaka kumi na minne alichora hudihudi akiruka kutoka pembeni mwa karatasi, bawa moja wazi, jingine limefichika. Akampa baba yake amshone.

Hilmi alifurahi kwelikweli. Akaichukua karatasi, akaikunja katikati kama alivyozoea, akatoboa. Hakufikiri, mikono ilikwenda yenyewe. Alipoikunjua na kupaka mkaa, loo! Ndege ana vichwa viwili, mkia hana.

"Duka zima likaangua kicheko, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote," anasema, sauti imeshuka. "Nikamwambia, 'Mwanangu, huyu anakwenda au anarudi?' Nikamtundika ukutani, wateja nao wacheke. Wallahi, nilidhani ni utani wa baba na mtoto."

Sawsan hakulia wala hakununa. Alifunga daftari, na tangu siku ile hakuna aliyemwona akichora.

Sasa ameolewa katika mji wa Tanta, anauza kwenye duka la dawa. Mashine zilipoanza kuchapa maua ya mtaa huu kwenye vitambaa vya bei ya chini, Hilmi alimpigia simu. Akamwomba: "Nichoree chochote, mwanangu. Maua ya babu yako yamechakaa."

"Baba, mkono umeshasahau," Sawsan akamjibu.

"Afadhali angenitukana," anasema Hilmi, na macho yanamlengalenga mbele ya watu.

Kesho yake alinunua daftari. Mwanzoni kila bawa la kulia lilidai ndugu yake wa kushoto. Taratibu jicho likafunguka. "Zamani nilipita hapa nikaona maduka tu. Sasa namwona paka, naona na anavyouficha mkia." Paka huyo aliyelala amemshonea Atiya kwenye mto, na Atiya, pamoja na mdomo wake wote ule, amekataa kumuuza.

Sikukuu ijayo Sawsan atakuja na mtoto wake. Hilmi ana mpango. Ataweka karatasi nyeupe mezani, na kalamu kando, kisha aende zake kuchemsha chai.

"Na asipochora?" anauliza Atiya.

"Atakunywa chai."

"Na akichora?"

"Atakachochora nitakishona kama kilivyo, hata kikiwa na miguu mitatu. Na huu mdomo nitaufunga."

Anakata kutoka kwenye bunda karatasi atakayomwekea Sawsan, anamwonyesha mwandishi ukubwa wake. Akiwa bado anaeleza, mikono imeshaikunja katikati. Anaiona. Anaikunjua haraka, anailainisha kwa kiganja mara kadhaa, lakini alama ya mkunjo haiondoki.

"Kata nyingine, ndugu yangu," Atiya anamwambia, na safari hii hatanii.